Ngozi ya wembe: historia ya kitu tulichosahau kununua



Katika kibanda kimoja cha kinyozi, komini ya Katuba, kuna kipande cha ngozi kimetundikwa kwenye msumari. Ni ngozi ya ng'ombe, ndefu kama mkono wa mtu mzima, imekuwa nyeusi na inang'aa kama kiatu cha Jumapili. Wateja wanaoingia mara ya kwanza wanadhani ni mshipi uliokatika. Mwenye kibanda ni mzee wetu, mwanachama tangu chama kilipoanza, na sisi wote tunamwita Papa. Ile ngozi aliibeba kutoka hapa mpaka Pweto, akavuka nayo mpaka hadi kambi ya Kala kule Zambia, halafu akarudi nayo. Viti alivipoteza, kioo kilivunjika, nyumba iliungua. Ngozi njo ilibaki.

Tunaandika historia ya ile ngozi kwa sababu mwaka jana tulifanya kosa, sisi watu wa tereni, na kosa hilo haliwezi kueleweka kama mtu hajui ngozi inafanya kazi gani. Tuliahidi kuwaambia wafadhili ukweli wa pesa yao. Basi tunauambia, lakini tunaanzia mbali kidogo.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili cha vitabu kingesema mkanda wa kunolea. Hapa Lubumbashi mukanda ni barua, na ukisema kinyozi ananoa wembe kwa mukanda, watu watacheka. Tutasema ngozi, kama Papa anavyosema.

Wembe ulifikaje hapa

Katanga ni nchi ya chuma na shaba tangu zamani. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, watafiti walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta watu waliozikwa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita pamoja na vitu vya chuma na shaba. Kwa hiyo kabla ya Mzungu yeyote kufika, wahunzi walikuwepo. Wembe wa kijiji ulifuliwa na mhunzi na kunolewa kwenye jiwe. Watu walinyolewa nao siku za kawaida na siku za matanga.

Wembe wa kukunja, ule unaoingia ndani ya mpini wake, ni habari ya mji. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika hapa, na mji wa Elisabethville ukaanza mwaka huohuo. Treni ilileta mashini za shaba, na mizigo ya watu pia. Wembe bora wa wakati ule ulitoka Sheffield kule Uingereza, au Solingen kule Ujerumani. Sheffield ilipata sifa kwa chuma cha pua cha Benjamin Huntsman, ambaye karibu na mwaka 1740 aligundua namna ya kukiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo mpaka kiwe safi na sawa pande zote. Wabelgiji hawakuwa na jina kubwa kwa wembe, lakini walikuwa na jiwe. Katika milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm, wanachimba jiwe la manjano linaloitwa coticule, na vinyozi wa nchi mingi walinoa wembe kwalo. Mzungu aliyeshuka kwenye stesheni yetu angeweza kuwa na wembe wa Ujerumani, jiwe la kwao, na kipande cha ngozi. Vitu hivyo vitatu vilitembea pamoja. Tafadhali mkumbuke hilo: vitatu, si kimoja.

Ujuzi nao uliingia katika nyumba zetu kwa mlango wa jikoni. Baba yake Papa alikuwa boyi kwa Mzungu mmoja wa reli. Kila asubuhi alichemsha maji, alipiga viatu rangi, halafu alipitisha wembe wa patron kwenye ngozi. Siku moja patron alitupa wembe uliovunjika ncha. Baba alioomba, akausugua kwenye jiwe wiki nzima, na Jumapili iliyofuata akaanza kunyoa majirani chini ya mwembe kabla ya misa. Papa alikuwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kushika upande wa pili wa ngozi.

Habari kama hizo haziko nyingi katika vitabu, lakini tusidhani sisi ndio wa kwanza kuziandika. Mwaka 1965, boyi wa zamani wa mji huu waliandikiwa historia yao na mwenzao André Yav, kwa Kiswahili cha hapahapa. Ni historia ya Elisabethville inayoonekana kutoka jikoni. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Chama cha watu wadogo kuandika yaliyowapata ni desturi ya mji wetu, na gazeti hili dogo linafuata njia ileile.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, Union Minière iliacha kutegemea wafanyakazi wa mikataba mifupi. Iliwaruhusu kuleta wake na kukaa na familia. Kambi zikawa mitaa. Watu wa Kasai, wa kaskazini ya Katanga, wa Rwanda na Burundi walikaa pamoja, na mtu anayekaa na familia yake anataka kuonekana vizuri Jumapili. Njo vile kinyozi alivyopata mteja wa kudumu.

Ngozi inafanya nini

Watu wengi wanadhani wembe unanolewa kwenye ngozi. Si hivyo. Jiwe njo linanoa: linakula chuma na kufanya makali mapya. Ngozi haili chuma, au inakula kidogo sana. Inanyoosha.

Makali ya wembe ni membamba kuliko unywele. Ndevu ni laini, lakini zinayaharibu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha utafiti wao: unywele ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, na bado unaweza kumega makali, hasa ukikatwa kwa mshazari na mahali ambapo chuma hakiko sawasawa. Basi kila anayenyolewa anaacha alama kwenye wembe. Jicho halioni, lakini shavu la mteja wa pili linasikia. Kabla makali hayajamegeka, yanajipinda kidogo huku na huku. Ukiyanyoosha kila siku, utaenda wiki nyingi bila kugusa jiwe. Usipoyanyoosha, utarudi kwenye jiwe kila mara, na wembe utaisha kabla ya wakati.

Papa anatuonyesha hivi. Upande mmoja wa ngozi unafungwa kwenye msumari, upande wa pili unavutwa kwa mkono wa kushoto mpaka ngozi inyooke kabisa. Ikilegea, inajikunja kwenye makali na kuyafanya butu. Wembe unalazwa chali juu ya ngozi: mgongo na makali vyote vinagusa. Halafu unaenda mgongo ukiwa mbele, makali yakifuata nyuma. Ukienda makali mbele, unakata ngozi, na umepoteza vyote viwili. Ukifika mwisho, usinyanyue wembe. Uuzungushe juu ya mgongo wake, makali yapite hewani, halafu urudi. Kama wembe ni mrefu kuliko upana wa ngozi, unatembea kwa mshazari ili kila sehemu ipate zamu yake. Mara 30, mara 50. Wengine wanaanza na kitambaa kigumu cha pamba ili kusafisha makali, ndipo wanahamia kwenye ngozi.

Kijana akitaka kujionyesha, anafanya haraka na kukandamiza, kama katika filamu. Papa anamzuia mkono na kusema: "Haina nguvu njo inanoa. Ni mukono mwepesi." Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Sauti pia inafundisha: mwanzoni ngozi inakwaruza, halafu sauti inakuwa sawa, kama mtu anayefagia sakafu ya simenti. Baada ya kunyoa, wembe unapanguswa mpaka ukauke, hasa majira ya mvua, maana kutu inaanzia kwenye makali.

Kwa nini ngozi ilipotea

Sababu ya kwanza ilitoka mbali. Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipewa hati ya uvumbuzi wa wembe mwembamba unaotumika na kutupwa. Mwaka 1918 jeshi la Marekani liligawa mashine zake kwa askari, nao wakarudi nyumbani na tabia hiyo. Jina lake likawa jina la kitu chenyewe. Mpaka leo mtoto anatumwa dukani kununua jileti, hata kama kwenye karatasi kumeandikwa jina lingine. Jileti haihitaji jiwe wala ngozi wala miaka ya kujifunza.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Kuanzia mwaka 1983 madaktari walichunguza wagonjwa wa SIDA kule Kinshasa, na mwaka 1984 mradi mkubwa wa utafiti ulianza kulekule. Ujumbe ulifika mpaka kwetu: mtu mmoja, wembe mmoja. Ni lazima tuseme wazi kwa wale wanaosifu mambo ya zamani: ujumbe ule ulikuwa wa kweli na bado ni wa kweli. Wembe wa chuma unaweza kuuosha na kuuchemsha dakika 20. Ngozi huwezi kuichemsha. Ngozi iliyopanguswa na wembe wa mteja wa jana inapokea wembe wa leo, na kama kulikuwa na tone la damu, mnalichangia. Papa mwenyewe aliondoa ngozi mbele ya wateja miaka ile. Anasema siku hiyo alikaa bila kazi mpaka jioni, lakini hajawahi kujuta.

Sababu ya tatu ni njaa ya mji. Miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilitoa chini ya 50,000. Katikati hapo kulikuwa na uporaji wa mwaka 1991. Nani angeagiza jiwe la Ardennes? Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa pesa ya kuondoka kwa hiari. Wengi walijaribu biashara ndogo. Wanaokumbuka wanajua: kwa familia mingi pesa iliisha kabla biashara haijasimama. Walipata kitu cha kuanzia, hawakupata cha kuendelea.

Kambi ya Kala

Wakati huo Papa hakuwa tena Lubumbashi. Alikuwa amerudi kwao upande wa Pweto, na Pweto iliangukia mikononi mwa waasi na jeshi la Rwanda mwezi wa 12 mwaka 2000. Watu walivuka kwenda Zambia kwa maelfu. Wengi wetu tuliokuwa watoto tunakumbuka miguu tu: miguu ya watu wazima mbele yetu, siku nzima.

Kala ilikuwa upande wa Kawambwa. Pesa ilikuwa adimu, na jileti ilihesabiwa. Watu waliisugua ndani ya glasi ili itumike tena, kama wazazi wao walivyofanya. Papa aliitoa ngozi kwenye kifurushi. Sheria yake ilikuwa moja: kila mlango una wembe wake au kisu chake, na kila kimoja kinachemshwa kwenye sufuria mbele ya macho yake kabla ya kugusa ngozi. Hakunyoa watu kwa wembe wake. Alinyoosha wembe wa kila familia, na visu vya washona viatu, akalipwa unga au maharage. Kwa njia hiyo alilisha watoto wanne. Misafara ya kurudi ilipoanza mwaka 2007, alingoja zamu yake, akapita Pweto, na mwishowe akarudi hapa mjini.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye kosa. Mwaka jana, kwa pesa ya wafadhili, tulinunua vifurushi 12 vya unyozi kwa ajili ya vijana waliorudi kutoka Zambia. Ndani mlikuwa na wembe wa kukunja, mkasi, kioo, aproni, na mashini ya umeme. Katika ripoti tuliandika "vifaa kamili". Picha zilikuwa nzuri.

Baada ya miezi miwili tulizunguka Katuba, Ruashi na Kenya kuwatembelea. Mashini zililala umeme ulipokatika. Wembe ulikuwa kwenye droo, butu. Kijana mmoja alipeleka wembe wake kwa fundi anayenoa majembe kwa diski ya umeme. Makali yaligeuka rangi ya buluu kwa moto, na chuma kikawa laini kama bati. Wengine walivunja jileti katikati na kuishika kwa vidole bila mpini. Mmoja alijikata kidole gumba mbele ya mteja, na mteja hakurudi. Wawili walikuwa wanaazimana wembe mmoja. Mambo hayo hayakutoka kwa uvivu. Yalitoka kwenye orodha tuliyoandika sisi, mezani, bila kumwuliza kinyozi hata mmoja, na kinyozi alikuwa mwanachama wetu, anakaa kiti cha tatu kila mkutano.

Tulipompelekea Papa moja ya zile wembe, aliigeuza kwenye mwanga, akaipitisha kwenye unywele wa mkono, akacheka kidogo. "Batoto, hii wembe iko muzuri. Muliletea bantu wembe, mukaacha ngozi yake." Halafu akaongeza jambo lililotuuma zaidi: hata kama tungenunua ngozi, hatukupaswa kuwapa wembe wa aina ile kwa kunyoa wateja. Yeye aliacha zaidi ya miaka 30 iliyopita. Tulinunua kitu cha zamani bila ujuzi wake wa zamani, na bila usalama wa sasa.

Tumekubaliana nini

Mkutano mkuu ulijadili jambo hili, na maneno yalikuwa makali. Wengine walisema ngozi ni kitu cha makumbusho na pesa ya wafadhili isiende huko. Wengine, hasa ba-mama, waliuliza swali gumu: mbona kila mradi unatuletea kitu kipya, na hakuna mradi unaoleta pesa ya kukitengeneza kikiharibika? Tumekubaliana hivi.

Kwa wateja, kila kijana atapata mpini unaoshika nusu ya jileti, boksi la jileti, kopo lenye kifuniko la kutupia zilizotumika, na dawa ya klorini. Jileti inavunjwa mbele ya mteja, inatumika kwake tu, inaingia kwenye kopo.

Zile wembe za kukunja hazitatupwa. Kila kijana anabaki na yake kwa ndevu zake mwenyewe, na ngozi yake mwenyewe, ambayo haigusi wembe wa mtu mwingine. Ngozi hatuinunui: washona viatu wa soko la Kenya wametuahidi mabaki yao. Wembe ulioungua kwa diski umekwisha, na tumeuandika hivyo kwenye hesabu.

Katika kila kifurushi kijacho, sehemu ya pesa haitanunua kitu. Itaingia kwenye mfuko wa matengenezo, unaozunguka kama likelemba, ili mtu akiishiwa jileti au mashini ikiungua asianze tena kutoka sifuri. Tunajua wafadhili wanapenda kuona vitu kwenye picha, na mfuko haupigwi picha. Tunaomba mtuamini kwa hesabu, ambayo tutaichapisha hapa kila toleo.

Papa atafundisha kila Jumamosi mchana, kibandani kwake. Vijana wanane kati ya 12 wamejiandikisha, pamoja na washona viatu wawili wanaotaka kujua namna ya kutunza visu vyao. Jumamosi ya kwanza tulienda kutazama. Kijana aliyejikata kidole alishika wembe wake, akaulaza kwenye ngozi, akaanza kukandamiza. Papa hakusema kitu. Alimshikia upande wa pili wa ngozi, akaivuta mpaka ikanyooka, na kijana mwenyewe akapunguza mkono.

Atakayependa kuja anakaribishwa. Alete wembe wake mwenyewe, umeshachemshwa.